Shilingi Kumi Imekwenda Wapi?

Kijana kakopa shilingi 500 kwa mama yake na 500 nyingine kwa baba yake. Kaenda dukani, kanunua shati la shilingi 970, karudishiwa chenji ya shilingi 30. Aliporudi nyumbani alimlipa mama shilingi 10, akamlipa baba shilingi 10, na 10 iliyobaki akaitia mfukoni. Sasa mama anamdai 490, baba anamdai 490, jumla ni 980. Ukiongeza ile 10 ya mfukoni unapata 990. Lakini alikopa 1,000. Shilingi 10 imekwenda wapi?

Hesabu hii imezunguka sana Afrika Mashariki kwa njia ya simu. Wengine huweka shilingi elfu hamsini hamsini ili bei ya shati ifanane na ya siku hizi, wengine huweka viatu badala ya shati, lakini mtego ni ule ule. Ikitumwa asubuhi katika kundi la WhatsApp la ukoo, hadi magharibi shangazi aliyeko Muscat, mjomba aliyeko Tabora na binamu anayesoma Uingereza wote wamekwisha kujibu, kila mmoja na lake. Yupo atakayesema mwenye duka kamwibia kijana. Yupo atakayeshika kalamu, aanze upya kutoka juu, na apate 990 tena. Na yupo atakayesema swali lenyewe ni la uongo. Huyo ndiye aliye karibu zaidi na jibu, ila akiambiwa aonyeshe uongo uko wapi, hukwama.

Uongo uko pale tunapoambiwa tuongeze. Deni la kijana ni shilingi 980. Fedha hizo ziko wapi? 970 ziko kwenye droo ya mwenye duka na 10 iko mfukoni mwake. Basi, 980 imetimia. Ile 10 ya mfukoni tayari imo ndani ya deni, na kuiongeza juu ya deni ni kuihesabu mara mbili. Anayetaka kuirudia 1,000 ya mwanzo aongeze kile ambacho hakimo ndani ya deni, yaani shilingi 20 walizokwisha kurudishiwa wazazi: 980 na 20 ni 1,000. Hakuna kilichopotea.

Wengi wakielezwa hivyo hukubali kwa kichwa huku moyoni bado wanaitafuta ile kumi. Njia ya kuwaridhisha ni kubadilisha bei. Tuseme shati ni la shilingi 400. Chenji ni 600. Mama apewe 200, baba apewe 200, kijana abaki na 200. Sasa mama anamdai 300 na baba 300, jumla 600. Ongeza 200 za mfukoni: 800. Je, shilingi 200 nazo zimepotea? Hapa hata mtoto wa darasa la nne ataona kwamba 800 hiyo haina sababu yoyote ya kulingana na 1,000. Mtego wa kwanza ulinasa kwa sababu 990 imekaribia mno 1,000, na jicho likiona namba mbili zimekaribiana hutaka zilingane.

Hesabu ya shati ina kaka yake, naye ni mkongwe kuliko simu za mkononi. Wageni watatu wanalipa shilingi 30,000 kwa chumba cha gesti, kila mmoja 10,000. Baadaye meneja anakumbuka kwamba bei ni 25,000, anamtuma mhudumu arudishe 5,000. Mhudumu anaficha 2,000 na kuwarudishia wageni 1,000 kila mmoja. Kila mgeni amelipa 9,000, mara tatu ni 27,000, ukijumlisha 2,000 za mhudumu ni 29,000. Elfu moja iko wapi? Aliyelielewa shati hatasumbuka: 2,000 za mhudumu zimo ndani ya zile 27,000, maana 25,000 ziko kwa meneja na 2,000 kwa mhudumu.

Kinachozifanya hesabu za namna hii zifae kupelekwa nyumbani ni kwamba ubishi wake unaweza kumalizwa mezani, mbele ya macho ya anayebisha. Andika viwango kwenye vipande vya karatasi, mmoja awe mama, mwingine baba, mwingine mwenye duka, fedha zipite mikononi, kisha kila mtu ahesabu alichonacho. Katika nyumba nyingi zetu neno la mkubwa ndilo la mwisho, na kwa mambo mengi hilo lina heshima yake. Lakini chemsha bongo ya hesabu humruhusu mtoto wa miaka tisa kuwa sahihi mbele ya babu yake bila kumvunjia adabu, kwa sababu anayeamua ni vile vipande vya karatasi. Nafasi za aina hiyo ni chache, nazo zinastahili kutafutwa.

Watu wamezitafuta tangu kale. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna mafunjo ya Misri yaliyoandikwa takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo na mwandishi aitwaye Ahmes. Yamejaa hesabu za kazi: kugawa mikate, kupima mashamba, kukadiria nafaka ya ghalani. Halafu, katika hesabu ya 79, kinatokea kitu kisichofaa ghala lolote. Kuna nyumba 7, paka 49, panya 343, masuke 2,401, vipimo vya nafaka 16,807, na jumla ya vyote ni 19,607. Kila nyumba ina paka saba, kila paka anakamata panya saba, kila panya angekula masuke saba, kila suke lingetoa vipimo saba. Hakuna karani anayejumlisha nyumba na panya kwa ajili ya kodi. Inaelekea sana kwamba Ahmes, au aliyemtangulia, aliiweka kwa sababu iliwapendeza watu.

Ile ya kuvusha mto nayo ina zaidi ya miaka elfu moja. Huko Ulaya imo katika mkusanyiko wa mafumbo ya vijana unaohusishwa na Alcuin wa York, mwanachuoni aliyefariki mwaka 804: mtu ana mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, na mtumbwi wake unabeba kitu kimoja tu kwa safari. Kwetu watoto huijua kama chui, mbuzi na majani. Chui akiachwa na mbuzi atamla; mbuzi akiachwa na majani atayamaliza. Wengi huanza vizuri, wakamvusha mbuzi kwanza, kisha wakakwama kwenye safari ya pili, kwa kuwa yeyote watakayempeleka ng'ambo ataleta balaa. Ufunguo ni kukubali kurudi nyuma: mvushe chui, umrudishe mbuzi ulikotoka, uvushe majani, kisha umfuate mbuzi kwa mara ya mwisho. Safari saba, ukihesabu na za kurudi mtupu.

Mwaka 1990 mwanahisabati wa Marekani Marcia Ascher alichapisha makala akilinganisha mafumbo ya kuvusha mto ya jamii mbalimbali, mengi yakiwa ya Afrika. Lilikuwamo la Zanzibar, ambamo mgeni anayekataa kumlipa sultani kodi anapewa jaribio la kumpelekea mwana wa sultani chui, mbuzi na majani ng'ambo ya mto. Hapo mtumbwi unabeba vitu viwili, lakini hakuna vitu viwili vyovyote vinavyoweza kuachwa pamoja ufukweni. Msomaji anaweza kulijaribu sasa hivi: vusha viwili, acha kimoja ng'ambo, rudi na cha pili, kichukue cha tatu. Fumbo la Waila wa Zambia, ambalo nalo limo katika makala hiyo, lina vitu vinne: chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi, na mtumbwi unabeba kimoja tu. Kwa hesabu haiwezekani kuvuka na vyote salama. Mtu anafikiria kumwacha panya, anafikiria kumwacha chui, kisha anaona wote wawili kwake ni kama watoto wake. Anaamua kutovuka, anabaki alipo. Mwalimu wa shule angeliweka alama ya kosa jibu hilo. Barazani lingezua mazungumzo ya usiku mzima, na pengine mtu angeuliza jambo la maana zaidi: tunajuaje kwamba haiwezekani?

Kabla ya kuipeleka chemsha bongo kwa watu ni vizuri kujua kwa nini watu hukosea, maana asiyejua hilo huwacheka. Chukua hii. Daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100. Daftari limeizidi kalamu bei kwa shilingi 1,000. Kalamu ni shilingi ngapi?

Jibu linalokimbilia mdomoni ni 100. Lakini kalamu ikiwa 100, daftari litakuwa 1,100, na vyote viwili 1,200. Kalamu ni shilingi 50 na daftari ni 1,050. Hesabu hii, kwa dola na kwa gongo la besiboli na mpira, ndiyo ya kwanza kati ya maswali matatu aliyochapisha Shane Frederick, aliyekuwa mhadhiri MIT, Marekani, mwaka 2005. Aliyakusanya majibu ya watu 3,428, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu. Theluthi moja hawakupata hata swali moja. Waliopata yote matatu walikuwa asilimia 17. Hata kwa wanafunzi wa MIT wenyewe, chuo ambacho mtu haingii bila kuijua hesabu, waliopata yote hawakufika nusu: asilimia 48. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, aliifanya hesabu hiyo kuwa mashuhuri katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu fikra za haraka na fikra za polepole. Wanaojibu 100 hawakosi akili wala hawashindwi kutoa. Jibu la haraka limekuja likiwa limevaa vizuri, na hawakuliomba kitambulisho.

Swali la tatu la Frederick wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria watalielewa haraka kuliko Wamarekani. Yeye aliweka majani ya yungiyungi. Hapa yawekwe magugu maji. Magugu yako katika bwawa, na kila siku yanaongezeka maradufu. Siku ya 48 yamelifunika bwawa lote. Yalifunika nusu ya bwawa siku ya ngapi? Anayegawanya kwa mbili husema siku ya 24. Jibu ni siku ya 47, kwa sababu kesho yake ile nusu inakuwa nzima. Siku ya 41, wiki moja tu kabla ya bwawa kuzibwa, magugu yamefunika chini ya sehemu moja ya mia, na mtu aliyesimama ukingoni angeapa kwamba hakuna hatari. Magugu maji halisi hayazaani kwa siku moja, lakini penye joto na maji yenye rutuba huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili au pungufu, na wavuvi wa Ghuba ya Winam waliokuta mitumbwi yao imefungiwa pwani katika miaka ya 1990 waliliona jambo hilo kwa macho. Ukilitega fumbo hili Kisumu au Mwanza, mzee mvuvi ana la kuwafundisha waliosoma.

Hakuna chemsha bongo iliyowagombanisha wasomi kama ile ya milango mitatu. Asili yake ni mchezo wa televisheni wa Marekani ulioendeshwa na Monty Hall, na mtakwimu Steve Selvin aliiandika mwaka 1975. Ilikuja kuwaka moto Septemba 1990, pale Marilyn vos Savant alipoijibu katika safu yake kwenye jarida la Parade. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili iliyobaki kuna mbuzi. Unachagua mlango. Mwendeshaji, ambaye anajua gari liko wapi, anafungua mlango mmoja kati ya ile miwili uliyoiacha, na daima hufungua wenye mbuzi. Kisha anakuuliza: unabaki na wako, au unahamia ule mwingine?

Bi Marilyn alijibu: hama, kwa sababu nafasi yako ya kushinda inakuwa mara mbili. Alipokea barua zipatazo 10,000, nyingi zikisema amekosea, na karibu 1,000 kati ya hizo zilitoka kwa watu wenye shahada ya uzamivu. Baadhi yao walimwandikia kwa maneno ya kudhalilisha, wakimtaka aombe radhi kwa kuwapotosha wananchi. Milango imebaki miwili, walisema, basi ni nusu kwa nusu. Paul Erdős wa Hungaria, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya ishirini, aliyechapisha makala zipatazo 1,500, naye hakukubali mpaka rafiki yake Andrew Vázsonyi alipomwonyesha matokeo ya kompyuta iliyourudia mchezo mara nyingi.

Bi Marilyn hakujibu matusi kwa matusi. Aliwaomba walimu wa hesabu waufanye mchezo huo darasani, kwa vikombe vya karatasi na sarafu moja, na waandike matokeo. Walimu waliitikia, watoto wakacheza, hesabu zikaja, nazo zilikuwa upande wake.

Jaribio hilo ni la jikoni kabisa. Tafuta vikombe vitatu visivyoonyesha ndani na sarafu. Mmoja awe mtegaji, afiche sarafu wengine wamegeuka. Mchezaji achague kikombe. Mtegaji, anayejua ilipo, afunue kikombe kitupu kati ya viwili vilivyobaki. Raundi thelathini za kwanza mchezaji abaki na kikombe chake. Thelathini zinazofuata ahame kila mara. Mtu wa tatu aweke alama kwenye karatasi. Kwa kawaida anayebaki hushinda kama mara kumi hivi, na anayehama kama mara ishirini. Wakati wa kucheza, mwangalieni mtegaji, maana siri yote iko mikononi mwake. Ikiwa mchezaji amekosea mwanzoni, jambo ambalo hutokea mara mbili katika kila tatu, mtegaji hana hiari: kati ya vikombe viwili vilivyobaki kimoja kina sarafu, hawezi kukifunua, basi analazimika kufunua kile kingine. Kile anachokiruka ndicho chenye sarafu. Mara nyingi mtoto aliyekuwa mtegaji ndiye wa kwanza kulielewa jambo, kwa kuwa mikono yake imehisi kulazimishwa. Ni vizuri kila mtu apate zamu ya kutega.

Pwani na Ghuba, fumbo la ngamia 17 lina wapenzi wengi. Mzee amefariki, ameacha ngamia 17 na usia: mwanawe wa kwanza apate nusu, wa pili theluthi, wa tatu sehemu moja ya tisa. Kumi na saba haigawanyiki kwa mbili, wala kwa tatu, wala kwa tisa. Anapita msafiri mwenye hekima, anawaazima ngamia wake, wanakuwa 18. Nusu ni 9, theluthi ni 6, sehemu ya tisa ni 2. Jumla 17. Msafiri anachukua ngamia wake na kwenda zake. Mwandishi wa Brazil aliyejiita Malba Tahan, ambaye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 6 Mei, imefanywa kuwa siku ya hesabu nchini kwao, aliweka ngamia 35 katika kitabu chake cha mwaka 1938. Humo msafiri anaongeza ngamia mmoja, anawagawia wana watatu 18, 12 na 4, na wanabaki wawili: mmoja anarudi kwa mwenyewe na mwingine anakuwa ujira wa mgawaji.

Vipi kila mtu apate zaidi ya haki yake na bado wabaki? Jumlisha mafungu: nusu, theluthi na moja ya tisa ni 17 juu ya 18. Usia wa mzee haukugawa mali yote; sehemu moja ya kumi na nane iliachwa bila mwenyewe, na ngamia wa msafiri aliwasaidia warithi kugawana hata hiyo iliyosahauliwa.

Fumbo hili likitegwa mbele ya mtu anayejua mirathi ya Kiislamu, atalipinga kabla hata ya kuhesabu, na ana haki. Katika sheria hiyo watoto wa kiume hugawana sawa kwa sawa, wala mtu hawezi kuwausia warithi wake mafungu anavyopenda. Lakini atakuwa na lake la kutoa, tena la kweli. Katika fiqhi yapo masuala ambamo mafungu ya warithi yakijumlishwa hupungua kuliko mali, na ziada ikarudishwa kwao, ndiyo inayoitwa radd. Yapo pia yanayozidi mali, na hapo hufanyika aul, kila mmoja akapunguziwa kwa kiwango kile kile. Mashuhuri kuliko yote ni suala la mimbari, ambalo wanavyuoni wanasimulia kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa akiwa juu ya mimbari: mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, mabinti wana theluthi mbili, kila mzazi ana sudusi. Mafungu hayo, yakiwekwa juu ya 24, ni 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Mali ina mafungu 24 na madai ni 27! Ali alijibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa moja ya tisa. Mali ikigawanywa mafungu 27, mke akipata 3, ndiyo moja ya tisa. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya tisa kitabu ambacho aljebra ilipata jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Kijana anayedhani hesabu ya mafungu ni adhabu ya shuleni angefaidika kumsikia babu akiigawa mali ya watu watano bila kalamu.

Si kila kinachosambazwa kinastahili kusambazwa. Mwaka 2019 dunia nzima iligombana juu ya 8 ÷ 2(2 + 2). Kuna waliopata 16 na waliopata 1, na mwanahisabati Steven Strogatz wa Chuo Kikuu cha Cornell alilazimika kulieleza jambo hilo katika gazeti la New York Times. Tatizo ni mwandiko tu: 2(2 + 2) wengine huiona kama kitu kimoja kilichoshikamana, wengine huifuata kutoka kushoto. Mtu wa kazi angeongeza mabano na ugomvi ungekwisha. Hesabu hiyo haina kitu cha kugundua. Faida yake pekee kwa Mtanzania ni kumkumbusha jinsi ya kuitumia MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa: aliyekariri tu atadhani kujumlisha lazima kutangulie kutoa, kwa hiyo 10 − 3 + 2 ataifanya kuwa 5. Jibu ni 9, kwa sababu kutoa na kujumlisha vina cheo kimoja na hufuatwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama ilivyo kwa kugawanya na kuzidisha.

Namna ya kutega nayo ina adabu zake, na wazee walizijua. Anayesema "Kitendawili!" husubiri aitikiwe "Tega!", hata asiyetaka kucheza asilazimishwe. Waliotegewa hupewa muda, hukisia, hukosea hadharani, na kukosea huko ni sehemu ya mchezo. Wakishindwa hawapewi jibu bure. Mtegaji hudai mji, akapewa Mombasa au Unguja, akautembelea kwa maneno, ndipo akafichua. Ujumbe wa simu umeviondoa vyote hivyo. Unaanza kwa kumwambia mtu kwamba asipojibu hana akili, na jibu limeandikwa chini yake, umbali wa kidole kimoja. Mtoto aliyeambiwa hivyo mara mbili tatu hatajaribu mara ya nne. Anayeitaka familia yake ifurahie hesabu aitege kwa mdomo, wakati wa chakula au safarini, aiache ilale hata siku mbili, na akiombwa msaada atoe swali lingine dogo badala ya jibu: "Fedha hizo ziko kwa nani sasa?" au "Kikombe hicho kwa nini amekiruka?" Na yeyote atakayetoa jibu, sahihi au la, aulizwe amefikaje. Wakati mwingine aliyepata 100 ana njia nzuri kuliko aliyebahatisha 50.

Swali moja la Frederick lilibaki, nalo ni la kupeleka nyumbani leo. Kiwandani mashine 5 za cherehani hushona mashati 5 kwa dakika 5. Mashine 100 zitashona mashati 100 kwa dakika ngapi? Mtegee mkubwa na mdogo, usiwasaidie haraka, na ukiwa hujaridhika na jibu lako mwenyewe, anza kwa kuuliza mashine moja hushona shati moja kwa muda gani.